Mshukiwa Wetu wa Tunduma

Tunduma, Jumapili 8 Juni 1997

Kaka Ezron,

Mwambie mama kifua kimepona na chakula nashiba. Mengine haya ni yako. Msomee yale tu yatakayomchekesha.

Kushona najifunza vizuri. Kinachonishinda ni kusikia. Nilidhani Kiswahili tulichosoma shuleni Nanyala kilikuwa Kiswahili chote, kumbe tulionjeshwa tu. Mama Fauzia, fundi anayenifundisha na kunilaza kwake, ni mtu wa Pangani, na akianza kuongea maneno yanatoka kama maji ya bomba. Juzi, mbele ya wateja, aliniambia, "Ketrina, niletee bitana." Nikatoka nje, nikasimama barabarani, nikaanza kumwita Bitana. Niliita mpaka muuza karanga akaniuliza huyo Bitana anafananaje. Kaka, bitana ni kile kitambaa cha ndani ya koti. Mpaka leo kuna mteja akija ananiuliza kama Bitana amerudi.

Fauzia mwenyewe, binti wa mwenye nyumba, yuko darasa la tano. Alinionea huruma. Ana vitabu vyembamba vya upelelezi vya watoto, vya mapacha wawili wanaofichua wezi wakati wa likizo. Nikishafunika cherehani naviparamia. Kamusi hatuna, ila Fauzia amenipa mbinu: neno usilolijua limenye kama hindi, ndani utakuta neno unalolijua. Mfungwa, ndani kuna kufunga. Mpendwa, ndani kuna kupenda. Mpelelezi, ndani kuna kupeleleza. Yapo yasiyomenyeka, kama butwaa. Kitabu kinasema mapacha walipigwa na butwaa. Nilidhani butwaa ni rungu, nikawa nasoma haraka nione waliumia wapi. Fauzia alicheka mpaka akalala chini. Kumbe hapigwi mtu. Ni kushtuka hadi mdomo unasahau kujifunga.

Kitabu kimoja kimenitia uchungu, kile cha kengele ya shule iliyoibwa, maana panya wamekula kurasa za mwisho. Nimeishia pale mapacha wanapofika kwa mshukiwa wao, naye anawakaribisha chai na maandazi na kuwaonyesha pa kulala. Sitajua kengele iliibwa na nani.

Nimejiwekea sheria kwamba neno jipya lazima nilitumie kwenye barua, la sivyo litanitoroka. Kwa hiyo nivumilie.

Mdogo wako,
Ketrina


Nanyala, Jumapili 15 Juni 1997

Mdogo wangu Ketrina,

Habari ya Bitana nilimsomea mama. Alicheka, kisha akauliza kama huyo kijana ameoa. Sasa cheko limekwisha, na barua hii uisome ukiwa umekaa.

Mashine ya kikundi ya kumenyea kahawa imeibwa. Siyo sehemu yake, yote, na uzito wake unaujua, watu wanne huinua wakilalamika. Tulifungua stoo asubuhi tukakuta sakafu tupu. Nilisimama pale nikiitazama sakafu kana kwamba mashine imejificha chini yake. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo anao mwenyekiti wetu Watson, na mwingine ninao mimi mtunzaji. Unaona wanaponielekea.

Kilichobaki ni hendeli tu, ule mkono wa kuzungushia. Unajua tabia yangu, kila jioni naichomoa naenda kulala nayo chini ya kitanda ili mtu asimenye kahawa yake kwa kujiiba. Nilidhani hendeli itanitetea. Wapi. Watu wanasema mwenye hendeli ndiye mwenye mashine. Kahawa inaiva, inaanza kuanguka yenyewe, na kila anayepita shambani kwangu anatazama migomba kama anatafuta kitu nyuma yake. Ketrina, nisipoonyesha mashine ilipo, nitakufa naitwa mwizi, na mama kanisani ataitwa mama wa mwizi. Jumapili hii amekaa benchi la nyuma. Hajawahi kukaa nyuma.

Mambo mawili nakuomba. La kwanza, wewe uko mpakani. Kitu kizito cha wizi hakikai Mbozi, kinakimbilia huko kivuke Nakonde. Fungua macho, uliza kama kuna mashine isiyo na hendeli. La pili, nataka kuja kutafuta mwenyewe na wenzangu watatu. Najua kwa Mama Fauzia ni wanawake watupu, hatuwezi kulala hapo. Tutashukia kwa nani?

Jambo moja zaidi. Wanachama wameamua barua zangu zifunguliwe ofisini, Watson azisome mbele ya wote. Kwa hiyo andika ya maana, habari za muuza karanga ziache.

Kaka yako,
Ezron


Tunduma, Alhamisi 19 Juni 1997

Kwa kaka Ezron, Mwenyekiti Watson na wanakikundi wote,

Shikamooni. Kwa kuwa barua hii itasomwa hadharani nimeiandika kwa maneno ya kitabuni, nisimwaibishe kaka yangu.

Kuhusu mashine, nimepeleleza sokoni, stendi, hata ng'ambo ya mpaka. Mashine isiyo na hendeli hakuna aliyeiona. Naendelea.

Kuhusu swali la mwisho, jibu ninalo. Mshukiwa ni Sufiani Twaibu, kaka yake Mama Fauzia, mfanyabiashara wa vitunguu na dagaa. Anapatikana nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Stoo zake ziko mbili. Ile ya nyuma haina hendeli, ameifunga kwa waya tu. Nilipomwambia kwamba mnakuja hakushtuka. Alisema hata mkija wengi yuko tayari. Tangu jana anahamisha magunia ili pawe na nafasi. Amesema siku mtakayofika atachinja, hana maneno mengi. Sura yake ni kali lakini msimwogope.

Ila msichelewe. Jumatano anavuka kwenda Zambia.

Mtiifu wenu,
Ketrina


Tunduma, Jumatatu 23 Juni 1997, jioni

Kaka Ezron,

Naandika haraka, ukishindwa kusoma si kosa lako.

Nilikuwa natoka kununua uzi. Nikaona watu wamejaa nyuma ya stendi, nikasukuma nikapita. Nikamwona mjomba Sufiani amelala kifudifudi kwenye matope yake mwenyewe, birika la kutawadhia limemwagika pembeni, damu inamtoka sikioni. Na aliyekuwa anamfunga mikono kwa kamba ya katani alikuwa na shati la mistari nililolishona mimi. Nililitambua shati kabla sijakutambua wewe.

Sasa ndiyo nimejua butwaa. Fauzia alinidanganya, mtu anapigwa kweli.

Nilikuandikia mbele ya watu wote kuwa huyo ndiye mshukiwa wenu. Nilikupa mlango na rangi yake. Mtu anamfungaje mshukiwa wake kama gunia? Alikuwa amewaandalia. Tangu Ijumaa alikuwa akiniuliza mnapenda wali au ugali, nikamwambia kaka yangu haachi ugali. Amekukosea nini? Au ni Watson amewatia wazimu?

Mama Fauzia anazunguka kwenye vituo vya askari na kanga moja, hajui kaka yake amebebwa na nani. Mimi najua na sijamwambia. Namtazama machoni, namwambia sijui. Kila nikimwambia sijui anazidi kunipenda, ananipa pole, anasema hata mimi nimeshtuka. Mrudishe kabla hajajua. Nakuomba kwa mama.

Barua hii naipa Ambilikile, dereva wa ile pikapu ya abiria, aondoke nayo alfajiri. Nimemwambia akupe mkononi, isipite ofisini.

Ketrina


Nanyala, Jumanne 24 Juni 1997

Ketrina,

Nimesoma barua yako nikaitazama bahasha mara ya pili nione kama kweli imetoka kwako. Wewe ndiye uliyetuandikia. Nusu ya Nanyala ilisikia. Watson alipofika kwenye "mshukiwa ni Sufiani Twaibu" alisimama juu ya kiti akasoma tena kwa sauti, na watu wakaanza kuondoka kwenda kuchukua mapanga kabla hajamaliza. Ile ya nyuma haina hendeli. Atachinja. Jumatano anavuka. Mambo yote uliyataja mwenyewe. Leo unamlilia?

Nikwambie kilichonishangaza. Tumefika, tumemkuta anatawadha. Watson akauliza, wewe ndiye Sufiani? Akanyanyuka anatabasamu, akasema, "Ninyi ndio wa Nanyala? Karibuni, karibuni, nimewangoja tangu jana." Ketrina, sijaona mwizi mwenye kiburi cha namna hiyo. Akanyoosha mkono atusalimie. Hapo Watson akampiga kofi lile la sikio, na mimi nikamfunga, maana kama nisingemfunga mimi wangesema tumeiba pamoja.

Mashine hatukuikuta. Ile stoo ya nyuma ilikuwa imefagiwa, mikeka mipya minne imetandikwa chini. Watson akasema mashine imeshavushwa na mikeka ilikuwa ya kuifunikia. Mimi ile mikeka ilinitatiza kidogo, lakini nani angenisikiliza?

Tumemfungia kwenye stoo ya kikundi, palepale mashine ilipokuwa. Anakana. Anasema anataka kuonana na kaka yake Ketrina, kuna makosa. Nimekataa kumwambia kuwa ndiye mimi. Mama anampelekea chakula bila ruhusa yangu. Kuku hakumgusa, alisema hajui amechinjwa na nani, akala viazi na ndizi. Mama akaja kuniuliza, mwizi gani anachagua nyama? Nikamwambia anyamaze.

Watson anasema Ijumaa tutamlazimisha aseme. Usiniandikie tena kumtetea. Kama amekupa kitu, kirudishe.

Ezron


Tunduma, Jumatano 25 Juni 1997, asubuhi

Bwana Ezron,

Mimi ni Mwajuma, unayemjua kama Mama Fauzia. Salamu sina.

Barua yako kwa dada yako nimeisoma mimi, kwa sababu yeye alifika katikati akaanguka juu ya cherehani, na sindano nusura imtoboe shavu. Nilidhani kuna msiba kwenu. Nikaiokota. Nilivyoisoma, kijana wangu, nilihisi sakafu imeondolewa. Siku mbili nimetembea kituo hadi kituo nikimtafuta kaka yangu, nikilia barabarani mimi mtu mzima, na aliyemteka ni kaka wa mtoto ninayemlisha nyumbani kwangu. Na mtoto huyo alijua. Nilimshika mabega nikamuuliza kwa nini umemwita kaka yangu mwizi, amekufanya nini? Akanitazama kama niliyemuuliza kwa Kichina. Akasema, "Mama, mimi sijamwita mwizi. Nimemwita mshukiwa."

Nikamuuliza, mshukiwa ni nini?

Akanijibu, na ninakuandikia kama alivyosema: "Anayependwa ni mpendwa. Anayefungwa ni mfungwa. Unayemshukia kwake ukiwa mgeni ni mshukiwa. Kaka aliniuliza watashukia kwa nani, nikamjibu mshukiwa ni mjomba Sufiani. Hata kwenye kitabu cha kengele, mapacha walifika kwa mshukiwa wao wakapewa chai na pa kulala."

Bwana Ezron, nilikaa chini. Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii, na nilipolitafuta kosa lake sikulipata upesi. Neno hilo halitoki kwenye kushuka, linatoka kwenye kushuku. Herufi moja, u badala ya a. Nikaenda kulisoma lile jitabu lililoliwa na panya. Ni kweli, wanafika, wanapewa chai. Nani angemwambia?

Basi chukua ile barua yake uisome upya, na safari hii ujue kwamba mjomba ni mwenyeji wenu. Ile ya nyuma isiyo na hendeli ni stoo, mlango wake hauna pa kushika. Alihamisha magunia mpate pa kunyoosha miguu. Alitaka kuchinja mbuzi. Mikeka minne ni yenu, wewe na wenzako watatu, niliinunua mimi. Mlisisitiziwa msichelewe kwa sababu Jumatano angekuwa safarini na asingeweza kuwakaribisha mwenyewe. Na aliponyoosha mkono akasema nimewangoja, alikuwa amewangoja. Mtu alikukaribisha kwake, ukamfunga.

Ningeweza kuja. Sikuja kwa sababu nikija nitakuja na gari la askari, na wa kurudi nalo utakuwa wewe. Dada yako amepiga magoti mlangoni mwangu tangu hapo, hanyanyuki. Kwa ajili ya magoti yake nakupa mpaka Ambilikile atakapogeuza gari leo. Likirudi bila kaka yangu, utajua mimi ni mtoto wa nani.

Mwajuma binti Twaibu


Nanyala, Jumatano 25 Juni 1997, jioni

Mama Fauzia,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Barua hii anakuja nayo kaka yako mwenyewe, kwenye kiti cha mbele cha Ambilikile. Nimemwombea mto wa mama yangu aegemeze kichwa.

Nilipomaliza kuisoma barua yako nilibaki nimesimama kwenye kahawa, ndoo mkononi, sijui kwa muda gani. Kitu kilichonirudia ni ule mkono. Alinyoosha mkono anisalimie mimi, siyo Watson, maana mimi ndiye nilikuwa karibu. Nikaushika. Nikaushika nikaufunga, kwa fundo letu la magunia, lile lisilofunguka mpaka ukate.

Nilikimbia stoo. Watson akakataa kufungua. Akasema dada yangu amehongwa, hata barua yako ni ya kutengeneza. Ufunguo wangu aliuchukua tangu siku tulipomfungia kaka yako. Tulikuwa tunabishana hapo mlangoni, wanachama wamejaa, wengine wanasema afunguliwe, wengine wanasema asubiri Ijumaa. Ndipo likafika lori dogo kutoka upande wa Chitete. Akashuka mtu nisiyemjua, mstaarabu, akauliza, "Samahani, mwenyekiti Watson ni yupi?" Tukamwonyesha. Akasema, "Mzee, ile mashine uliyoniuzia, mbona hukunipa hendeli yake? Nimekuja kuichukua."

Mama Fauzia, sote tuligeuka tukamtazama Watson. Kuku walikuwa wanatembea katikati yetu na tulisikia kucha zao. Hata yule mgeni aliona amesema kitu, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea lori lake. Watson hakukimbia. Alikaa chini pale mlangoni kama mtu aliyechoka na safari, akanyoosha ufunguo bila kumtazama mtu. Aliyesimama juu ya kiti kusoma "mshukiwa" mara mbili ndiye mwizi. Neno la Ketrina lilimwokoa kuliko hata wakili, na sisi wote tulilidaka kwa mikono miwili. Mimi wa kwanza, kwa sababu lilikuwa linaniondoa mimi.

Nimefungua. Kaka yako alikuwa amekaa juu ya magunia, kiatu kimoja hana. Nikamwambia, mimi ndiye Ezron, kaka yake Ketrina. Alinitazama nikaona hanisikii. Nikarudia. Akageuza kichwa, akanielekezea sikio la kulia, nikarudia mara ya tatu. Akasema, "Kumbe ndiye wewe. Ketrina alisema unapenda ugali." Kisha akatembea na kiatu kimoja hadi kwenye gari. Ningependa angenitukana.

Mashine imepatikana. Jina langu nalo limerudi, watu wanakuja kunipa mkono, na kila mkono unaonyooshwa mbele yangu nashindwa kuushika. Kama mtanishtaki sitakimbia, nipo nyumbani. Ketrina msimwadhibu. Alikosea neno tu, kamba niliishika mimi.

Ezron


Tunduma, Jumapili 6 Julai 1997

Kaka,

Nimekaa siku nyingi bila kuandika kwa sababu kila neno naliogopa. Hata hili "naogopa" nimeligeuza ndani nje kabla ya kuliandika.

Mama Fauzia hajanifukuza. Ananipa kazi, anasema kata hapa, shona pale, maneno mafupi ambayo hata mbuzi angeyaelewa. Siku ya kwanza nilifunga mzigo wangu nirudi Nanyala. Mjomba Sufiani alikuta mzigo mlangoni, akaurudisha ndani kwa mguu, akapita. Daktari amesema sikio la kushoto huenda likarudi na huenda lisirudi. Stendi watu wanamnyooshea kidole wakidhani hawaonekani. Mteja wake wa zamani alikuja kununua dagaa, akauliza kwa utani kama ni za halali. Mjomba akamrudishia pesa yake. Msikitini alikuwa anakaa safu ya mbele, siku hizi anasimama karibu na viatu. Nikakumbuka mama na lile benchi la nyuma.

Vitabu nimemrudishia Fauzia vyote. Amelia, anadhani ni kosa lake kwa sababu ya ile mbinu ya kumenya.

Jana mjomba aliniomba anwani yako. Alitaka na jina la baba yetu, na jina la kijiji lilivyoandikwa sawasawa. Sijui anaandika kwako au anaandika mahakamani. Nilimpa. Sikuthubutu kuuliza.

Mama asijue kuhusu anwani.

Ketrina


Tunduma, Jumapili 13 Julai 1997

Bwana Ezron,

Naandika polepole kwa kuwa nikiinamisha kichwa sikio linavuma. Utanisamehe mwandiko, mimi ni mtu wa magunia.

Nimekwenda kushtaki. Nimemshtaki Watson, kwa kofi lake na kwa kunifungia. Askari aliniuliza, na aliyekufunga kamba je, jina lake nani? Nilikuwa nalo mfukoni, limeandikwa na dada yako kwa herufi nzuri. Nikamwambia nitalileta. Bado ninalo. Sitaki ujione umepona, na sitaki uendelee kukaa hapo ukisubiri gari la askari kila ukisikia mlio barabarani. Mimi nimekaa kwenye stoo yenu nikisubiri Ijumaa. Najua kusubiri kulivyo.

Nikwambie kilichonishangaza zaidi ya kofi. Mama yako. Ile siku ya pili alikuja na viazi, akakaa nje ya mlango nikila, akazungumza nami kupitia ufa. Aliniuliza kwetu mvua imenyeshaje. Mtu aliyeambiwa nimemwibia mwanawe ananiuliza habari za mvua. Nikamwambia Pangani mwaka huu siyo nzuri. Akasema pole. Baadaye nilifikiri sana juu ya jambo hili: ninyi mlikuwa mje kushukia kwangu, nikashukia mimi kwenu. Kwa hesabu ya dada yako, mshukiwa alikuwa mama yako Tabita, na alinikaribisha kwa kadiri alivyoruhusiwa.

Ketrina ameacha kusoma. Hilo limeniudhi kuliko sikio. Mtoto aliyeweza kukaa na kitabu kilicholiwa na panya na kukitengenezea Kiswahili chake mwenyewe, leo anaogopa hata kusoma kibandiko cha uzi. Nimemnunulia kamusi. Ameiweka juu ya kabati, anaizunguka kama nyoka. Wewe ndiye utakayemwambia aifungue, mimi hanisikilizi.

Sasa hili ndilo ninalotaka kwako, na ukilifanya lile jina litabaki mfukoni mwangu mpaka karatasi ioze. Sitaki fidia. Jirani zangu wote waliniona nikitolewa kwangu kifudifudi na watu wa Nanyala. Nataka wawaone watu wa Nanyala wakiingia kwangu kwa miguu yao, mchana, siku ya soko, kwa mlango wa mbele. Uje wewe, na wenzako watatu, Watson asiwemo, na mama yako. Wewe uvae lile shati la mistari, ili atakayekutambua akutambue vizuri. Ukifika mbele ya stendi nitanyoosha mkono, na safari hii utausalimia. Kisha tutakula. Mbuzi bado yupo, amenenepa kwa kuwangoja. Mikeka ipo. Ile stoo ya nyuma nimeiwekea hendeli.

Mezani ukae kulia kwangu, upande ninaosikia.

Ukifika stendi wakikuuliza unakwenda kwa nani, usione haya. Litaje jina langu kwa sauti.

Ni mimi, mshukiwa wako,
Sufiani Twaibu